Wageni Elfu Kumi na Moja

Vaidotas huendesha basi la umeme mjini Kaunas,
lile linaloshikilia nyaya kama mtoto kanga ya mamaye.
Zamu ya usiku. Abiria watatu, wanne,
mmoja kalala na kofia usoni.
Labda ndiyo maana ile namba ilimlewesha:
wageni elfu kumi na moja kwa mwezi
wakipiga hodi kwenye tovuti ya uyoga.

Muuzaji alijiita Bwana Corwin.
Picha yake: mzee, mbwa,
tabasamu la mtu aliyemaliza madeni.
"Nauza kwa sababu ya afya," aliandika.
"Wapo wawili wanaoisubiri. Ila wewe nimekupenda."
Akatuma mchoro, mstari wa kijani ukipanda
kama paka anayepanda pazia, bila kutazama chini.

Euro elfu nne na mia tatu.
Zilikuwa za madirisha mapya.
Danguolė, mkewe, aliuliza swali moja tu, akikausha sahani:
"Hao watu wote wanatafuta uyoga gani mwezi wa pili,
na theluji imefika magotini?"
Kizuri chajiuza, alimjibu.
Nusu ya pili ya methali hakuifikisha.

Wiki ya kwanza alikesha akiwahesabu.
Walikuja kweli.
Saa tisa kasorobo, kila usiku, wote kwa pamoja,
kama waliofunguliwa zizi.
Kila mmoja alikaa sekunde moja.
Hakuna aliyegusa picha, hakuna aliyeuliza bei ya kikapu,
hakuna aliyerudi kwa kuwa amesahau mwavuli.
Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe;
hawa hata kigoda hawakukitia joto.

Kisha nao wakakatika, kama bomba la maji.
Aliyekuwa akiwalipa alikwisha kulipwa.
Bwana Corwin hakujibu barua.
Yule mzee wa pichani, ilikuja kujulikana,
ni daktari wa meno wa nchi nyingine,
mzima wa afya, asiye na habari.
Mbwa tu ndiye aliyekuwa mbwa.

Kuna uyoga mweupe, mzuri hata wa kupigwa picha.
Ukiula, tumbo huchafuka, kisha hutulia,
ukamshukuru Mungu, ukaomba chai.
Ini ndilo linalojua.
Maelezo hayo yako ukurasa wa nne
wa tovuti aliyoinunua. Hakuwa ameusoma.

Mwezi wa tano akaandika Bi Filomena, wa Braga,
mwalimu mstaafu, akiba ndogo, mpenda misitu.
Alitaka kununua. "Wageni ni wangapi?"
Ule mchoro wa kijani bado ulikuwapo.
Vaidotas alikaa nao mpaka chai ikapoa,
upepo ukipuliza kwenye nyufa za dirisha.
Usidhani ni malaika.
Aliandika elfu kumi, akafuta.
Aliandika elfu tatu, akafuta,
akamwita Danguolė aje asimame nyuma ya kiti,
maana aibu, kama mzigo, hutaka mtu wa kukutwisha.

"Arobaini na wawili," aliandika mwishowe.
"Mmoja wao ni shemeji yangu."

Hajajibiwa mpaka leo.
Madirisha wameyabandika plastiki.

Jana, mwezi wa tisa huu, kituo cha mwisho,
mlango wazi, harufu ya majani yaliyolowa,
alifungua simu akaona mtu mmoja.
Kijiji asichokijua. Ukurasa wa nne.
Dakika ya kumi. Dakika ya ishirini na mbili.
Hakwenda kokote, alishuka na ile picha, akapanda nayo tena,
mtu mwenye kikapu mezani, pengine,
sufuria ikichemka, mkono ukisita.

Dakika ya thelathini na nane.
Vaidotas alizima taa za basi
asije akamshtua.