Sekunde Nane

Kazi yangu ni kuua watu wasiokuwapo.
Naanza saa tatu asubuhi, Tampere bado giza,
ghorofa ya nne ya kiwanda cha zamani cha pamba,
na mtu wangu wa kwanza huanguka kabla sijavua koti.

Kuanguka kuna ufundi wake.
Litangulie goti, au bega? Bunduki iteleze hadi wapi?
Juzi Veikko wa sauti alichoma kisu kabichi kumi na mbili
mbele ya kipaza sauti, akitafuta mbavu.
Ya tisa ndiyo iliyolia kama mtu.
Zilizobaki tukapikia supu.

Waandishi wa habari huja na swali lile lile, koti tu ndilo jipya:
huoni kwamba mnawafunza watoto kuua?
Nawajibu nilivyoelekezwa kujibu.
Usiku najijibu mwenyewe, na jibu silo lile.

Mwanangu Oiva, miaka kumi na mmoja,
ameteketeza jeshi zima tangu chakula cha jioni,
na sasa analia kwa kuwa panya wake wa kufuga hali.
Basi siogopi damu. Damu ni rangi, niliichagua mimi,
wekundu wake una namba.
Naogopa sekunde nane.

Maana kila anayeuawa kwetu hulala sekunde nane
kisha hufifia, sakafu ikabaki safi.
Ni kumbukumbu ya mashine, wanasema wahandisi:
haiwezi kubeba wafu wote.

Mjomba Urho alinipeleka kuwinda nikiwa na miaka kumi na minne.
Risasi moja. Kulungu mkubwa, pembe kama makasia.
Kumuua kulikuwa kufumba na kufumbua;
kilichofuata kilikula siku nzima,
kuchuna, kutoa matumbo yanayofuka mvuke,
kuburuta paja kwenye theluji inayofika magotini.
Kabla ya yote hayo mjomba alivua kofia.
Hakusema neno. Kichwa wazi, kwenye baridi ile.
Viganja vyangu vilinuka hadi Jumapili
na mezani nilijua ninamla nani.

Nikamwomba Saarni, mkuu wa mradi: tuwaache walale.
Akasema, mchezaji atajikwaa.
Nikasema, ndiyo.
Akasema, mashine itakwama.
Nikasema, labda.
Akacheka, akafunga kompyuta yake. Maiti haulizwi sanda.

Usiku wa kuamkia toleo, wenzangu wamelala chini ya meza,
viatu vimepangwa kama msikitini,
nilimwacha mmoja.
Mlinzi wa daraja, hana jina,
maneno yake yote duniani ni “Nani huko?”
Nikaizima saa yake. Anaanguka, anabaki.
Ukipita tena yupo. Ukirudi kesho yupo,
theluji inamfunika kidogo kidogo,
na theluji hiyo nimeichora kwa mkono, chembe kwa chembe,
kazi ambayo hakuna aliyenituma.

Asubuhi wapimaji wakaleta orodha ya kasoro.
Mlango unaofungukia ukutani. Farasi mwenye kivuli cha kiti.
Na ya mia na arobaini na mbili, kwa wino mwekundu, ya dharura:
Daraja la kaskazini. Mtu amekufa na haondoki.

Kwenye nafasi ya majibu nikaandika: Ni kweli.
Wameirudisha mara mbili.
Nimeandika vile vile.