Kifungu cha Sita

Ofisi ya wakili iko juu ya duka la mabati.
Ngazi kumi na nne. Nilizihesabu kwa sauti
ili Nyemo asikie kwamba bado nahesabu.

Wakili ni kijana, kola imeizidi shingo.
Akaniuliza leo ni siku gani, mwezi gani,
na mtaa huu unaitwaje.
Nikamjibu Alhamisi. Nikamtajia na bei ya zabibu kwa kilo,
ya mwaka huu, na ya mwaka ule mnunuzi alipotukimbia
tukawalisha mbuzi mavuno.
Akacheka, akaandika: "Ana akili timamu."
Maneno matatu. Nimeyalipia elfu themanini.

Ajabu ya karatasi hii:
ni ya siku nitakayopotea,
na anayetakiwa kuisaini ni yule asiyepotea bado.
Ukichelewa siku moja, umechelewa yote.

Lugendo alichelewa.
Alianguka shambani Mpunguzi, mkasi wa kupogolea mkononi,
kiharusi kikamchukua upande wa kulia,
upande wa saini.
Miezi tisa nilikwenda benki na kitambulisho chake,
na cheti cha ndoa chenye muhuri wa kanisa,
na picha yake kitandani, mdomo umepinda.
Dada wa dirishani alinipa pole kila mara.
"Lakini mama, yupo hai," alisema.
"Angekuwa marehemu, ingekuwa rahisi."
Nikatoka, nikakaa kwenye ukingo wa barabara,
upepo ukinijaza vumbi la Dodoma mdomoni,
nikimhesabia mume wangu kosa la kupumua.

Pesa zilikuwepo. Dawa nilikopa.
Ndugu zake walikuja na mbukwenyi nyingi
wakaondoka na ng'ombe wanne,
kila mmoja akiapa kwamba aliahidiwa.
Lugendo alisikia yote. Jicho la kushoto lilikuwa likisema,
lakini jicho halipigwi muhuri.

Kwa hiyo mimi, Peresi binti Chilongani,
namteua Nyemo.
Yaledi amenuna tangu Jumapili.
"Mama, unajizika," anasema, "na umenipita mimi, mwanao wa kiume."
Yaledi ndiye ninayempenda zaidi.
Hilo liandikwe hapa tu, kwenye hati lisiwemo.
Yaledi ukimpa elfu kumi akanunue chumvi
atarudi na chumvi, soda, na hadithi.
Nyemo atarudi na chumvi na chenji,
hata ile mia mbili.
Uso wake mkavu, simu zake fupi,
hajawahi kuniambia ananipenda.
Nikiwa sijijui, nitamhitaji mtu wa chenji.

Kifungu cha kwanza ni shamba.
Cha pili, nyumba ya Chang'ombe, na chumba cha uani kisiuzwe
maana mpangaji ana watoto.
Cha tatu, cha nne, benki na matibabu.
Cha tano, ahesabu mbele ya Yaledi kila mwisho wa msimu,
senti kwa senti, apende asipende.

Cha sita wakili alikikataa.
Nilimwambia: andika kwamba nisifungiwe ndani.
Andika kwamba nikianza kuwaita watu kwa majina ya waliokufa
wasinisahihishe.
Na nikisema mbukwenyi, hata kama chumba ni kitupu,
mtu aitikie.
"Mama," alisema, "hii haina nguvu kisheria."
Nikamwambia, hizo tano za mwanzo zina nguvu za kutosha.
Andika.

Akamtazama Nyemo.
Nyemo alikuwa akiangalia dirishani, paa za bati zikiwaka jua.
"Andika," alisema, bila kugeuka,
na sauti yake ilikuwa na kitu sijawahi kukisikia.

Saini. Dole gumba. Mashahidi wawili, mmoja fundi wa chini
aliyekuja na vumbi la saruji mikononi.
Muhuri ukagonga meza mara tatu.

Kushuka, nilihesabu tena.
Kumi na tatu.
Nyemo alinisikia. Akaibana hati kwapani,
akanishika kiwiko,
tukarudi juu kuanza upya.