Redio ya Fundi Semboja

Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
redio yangu haizimwi. Inaning'inia kwa kamba ya katani
juu ya cherehani; betri zake
nimezianika juani mara tatu.

Miezi miwili ilimtaja mtu mmoja.
Asubuhi kabla ya matangazo ya vifo,
mchana baada ya bei ya mahindi,
usiku katikati ya mpira, dakika ya themanini,
jina lake likapita kama uzi tunduni.

Bi Mwanamkuu Shekalage naye aligombea.
Redioni sikumsikia. Nilimsikia hapa,
akisubiri nimpunguzie pindo la baibui:
kavua viatu, kashuka mtaroni na fimbo,
kapima kina cha maji machafu,
kaandika nyuma ya daftari la mwanawe.
Akalipa elfu mbili, akangoja chenji.

Siku ya siku, ndani ya kituturi,
kalamu mkononi, picha mbili mbele yangu.
Nikamwona yule wa mtaro,
nikamchekea kidogo, kijirani.
Mkono ukaenda kwingine.
Ulikwenda wenyewe,
kama mguu unavyokanyaga cherehani
mwenyewe ukiwaza chai.

Masika imeingia. Maji yamefika kwenye kanyagio.
Nimenyanyua redio kwanza,
vitambaa vya watu baadaye.
Inasema Tanga ni shwari.
Nami, magoti majini,
nimejisikia naitikia:
shwari.