Mizani Haijui Upepo

Nimepima mazao Kibaigwa miaka kumi na minane.
Najua lumbesa kwa mgongo wa mchukuzi
kabla gunia halijagusa mizani.
Najua alizeti iliyonyunyiziwa maji usiku,
na jiwe kama kichwa cha mbuzi
lililozikwa katikati ya uwele.
Ndege sikuwahi kupima.

Hezekia Chilewa aliileta kwa mkokoteni,
imefunikwa blanketi la hospitali,
mabawa yamelazwa kando kama milango ya kabati.
Jeti, akasema. Ameiunda Mbande,
nyuma ya karakana anakochomelea mageti:
mita tatu na nusu, pua hadi mkia,
injini mbili zinazokunywa mafuta ya taa
na kulia kama pasi iliyotiwa maji.

Barua ya mkaguzi ilikunjwa mara nne:
isizidi kilo ishirini na tano, tangi likiwa limejaa.
Ikizidi, kuna cheti kingine, kirefu:
kila kiungo kifunguliwe, kila waya uvutwe,
iruke saa sita mbele ya shahidi,
na rimoti ikipotea hewani
injini zife zenyewe ndani ya sekunde mbili.

Tukafunga mabawa. Tukajaza tangi. Tukaipandisha.
Ishirini na nne, nukta tisa.
Hezekia akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi.
"Andika! Gonga muhuri!"

Kalamu ilikuwa mkononi.
Lakini Julai ile upepo uliingia ghalani bila hodi,
na nikaona tarakimu zinapumua:
nukta tisa, nukta tatu, nukta saba.
Gunia halipumui.
Nikamwambia Nyemo, funga milango. Yote.

Vumbi likatua. Ndege nayo ikatua,
ingawa haikuwa imeondoka.
Ishirini na sita, nukta nne.

Kumbe upepo ulikuwa umeishika makwapa,
nayo ikatudanganya bila kukusudia.
Hapo ndipo inapoachana na lumbesa.

"Angani kuna mlango gani wa kufunga?"
Hezekia akauliza, jasho puani.
"Uzito wa kweli ni upi,
wa humu gizani, au wa huko inakokwenda?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mizani.

Akaanza kuivua.
Akang'oa rubani aliyemchonga kwa mninga,
mwenye masharubu, gramu mia na themanini.
Akakwangua rangi kwa ukucha.
Kisha akaligusa bomba la chuma kifuani mwake,
akalipigapiga kama anayenunua tikiti.
"Hili nikiweka jembamba..."
"Linafanya kazi gani?"
Akanyamaza.
"Linashika mabawa."

Ng'ambo ya ukuta kuna uwanja wa kurukia,
baada ya uwanja alizeti ya watu,
baada ya alizeti watoto na ndama,
halafu bati la zahanati.
Gunia likianguka, hupasuka lilipo.
Hili sikuwahi kulifikiria
katika miaka yote kumi na minane.

Nikaandika: kilo 26.4, milango imefungwa.
Nikagonga muhuri.
Ushuru wa gunia naujua; wa ndege hatukuwa na bei,
akaniachia machungwa mawili.

Akamrudisha rubani kitini,
akamfuta vumbi la masharubu kwa kidole gumba.
Mlangoni akageuka:
"Saa sita mbele ya shahidi.
Jumamosi una kazi?"