Ndoo Saba

Miaka thelathini na mmoja nilipiga mihuri
katika ofisi ya ardhi, orofa ya chini, dirisha la nne.
Ekari za watu zilipita mikononi mwangu
kama maji ya bomba; sikubaki na tone.
Leo shamba langu ni roshani, hatua tano kwa mbili,
Parklands, nyuma ya jengo, upande unaotazama miti ya City Park:
ndoo mbili za rangi, tatu za mafuta ya kupikia,
karai lililotoboka, na beseni la marehemu mama.
Zote naziita ndoo. Karani hupenda hesabu fupi.

Dania, sukuma, vitunguu vya majani,
pilipili moja yenye hasira za mapema,
na managu, ambayo mbegu zake zilitoka Nyamira
ndani ya bahasha kuukuu ya mshahara.

Jumatatu asubuhi nikakuta shimo.
Si kubwa, kiasi cha yai la kienyeji.
Miche mitatu chali, mizizi juu,
udongo umetapakaa vigaeni kama ugoro uliomwagika.
Nikamshuku paka wa orofa ya pili.
Nikamshuku hata Kisilu wa getini, Mungu anisamehe.
Siku ya tatu nikamwona mwenyewe:
kindi, mkia nyuma yake
kama kalamu iliyosahauliwa sikioni,
anachimba kwa mikono miwili, haraka, haraka,
kama mtu aliyedokezwa kwamba ramani itabadilishwa.

Nilianza na pilipili ya unga.
Akapiga chafya moja, akaendelea.
Mimi nilipiga kumi na moja; upepo haukuwa upande wangu.
Nikamwaga machicha ya kahawa.
Akayafukua, akayatandaza, akanifanyia mbolea.
Nikachomeka vijiti vya mishikaki, ncha juu,
vimesongamana kama ua la boma.
Alipita katikati yake akijipinda kiuno,
mwembamba kama wakili.

Kwamboka, mjukuu wangu, alicheka kwenye simu
mpaka salio likaisha. Kabla halijaisha alisema:
"Babu, waya wa kuku. Na kokoto juu."
Nikashuka Ngara, mita tatu,
nikaukata kwa mkasi wa kushonea,
nikajikata na kidole.

Ndipo, nikipanda upya vitunguu,
nilipofukua karanga. Mbichi, na ganda lake.
Nyingine. Ya tatu.
Kumi na nne ndani ya beseni la mama peke yake.
Nani hulima karanga huku juu?
Nikainua macho. Roshani ya pembeni,
Bi Kokila, shali begani,
anaweka kisahani juu ya ukuta, taratibu,
kama anayemtengea mtu aliye njiani.
"Huja saa moja kasorobo," akaniambia.
"Tangu wanangu wahamie ng'ambo,
ndiye mgeni asiyechelewa."

Nilikuwa na hotuba.
Nilikuwa na vielelezo kumi na vinne mfukoni.
Nikasema tu: mbona humpi zilizokaangwa?
Hizo atazila papo hapo.
"Zina chumvi," akajibu, "na yeye ni mzee."

Basi nimekuwa benki bila leseni.
Amana ni yake, na riba analipwa kwa miche yangu.

Jana nilimwachia ndoo moja wazi,
ile ya buluu: udongo mwororo, hakuna waya,
hata kibao nikamwandikia kwa penseli, KINDI.
Akaikanyaga ukingoni. Akainusa.
Akaruka moja kwa moja hadi kwenye dania
na kuanza kupapasa waya, tundu kwa tundu,
akitafuta pengo.

Namwelewa. Miaka thelathini na mmoja
sikuona hata mmoja aliyefika dirishani
kuomba kiwanja kisichotakiwa na mtu.