Penseli Haikuyeyuka

Machi hii mto Tisza uliingia ghalani bila hodi,
ukapanda ngazi nne, ukakaa siku tisa,
ukaondoka na tarakimu zote za baba.
Wino ni ndugu wa maji; maji yalipouita, ukaenda.
Daftarini yamebaki mawingu ya samawati
na ndani ya kila wingu alama ndogo ya penseli:
jumlisha hapa, toa pale, pengine kiduara kitupu,
maana baba, Mungu amrehemu,
aliandika mwelekeo kwanza, kiasi baadaye.
"Jua kwanza nani anamwelekea nani," alisema.
"Forinti zitajihesabu."

Nimeanika kurasa juu ya jiko la vigae.
Zinanuka tope na unga uliochacha.
Mtu wa benki alikuja, akatazama, akacheka kwa pua:
bila namba hakuna hesabu, Bi Orsolya.
Nikakaribia kumwamini.

Ukurasa wa mwisho una safu tatu:
kinu chetu, tanuri la Etelka, kivuko cha Kázmér.

jumlisha, jumlisha, tupu
toa, jumlisha, jumlisha
tupu, toa, jumlisha

Nilichukua uzi mwekundu wa kufumia.
Kanuni nilipewa zamani na mwalimu mwenye kikohozi:
okota alama moja kila mlalo, moja kila wima,
zizidishe,
na kila nafasi mbili zikipishana, geuza ishara.
Njia ni sita. Tatu zinatumbukia kwenye utupu, basi.
Ya kwanza inashuka mshazari, jumlisha mpaka chini.
Ya pili inakanyaga toa moja na kupishana mara moja:
hasi ya hasi, inatokea upande wa pili ikiwa chanya.
Ya tatu vilevile.
Tatu kwa tatu, kauli moja,
hakuna wa kumfuta mwenzake.
Weka senti, weka mamilioni, weka bei za kabla ya vita,
jumla haitaangukia sifuri.
Jibu lipo. Ni moja. Silijui, lakini lipo.
Nilicheka peke yangu hata paka akahama.

Kisha nikasogeza taa.

Ule utupu wa pembeni, juu kulia,
kinu kinapokutana na kivuko,
haukuwa kiduara.
Ni kistari kilicholala,
na juu yake kivuli: labda mkwaruzo wa penseli,
labda uchafu wa mto.
Jumlisha ni toa iliyosimikiwa nguzo.
Kama nguzo ilikuwapo, njia ya nne inafufuka,
inapitia toa mbili zinazofutana
na kujiunga na wenzake bila ugomvi.
Kama haikuwapo, inakuja na hasi yake mkononi,
na nyumba imegawanyika: watatu huku, mmoja kule,
na mmoja huyo aweza kuwalemea watatu.
Hapo alama zimefika mwisho wa kazi yake.
Hapo inatakiwa mizani.

Baba na Kázmér hawakusalimiana miaka kumi na minne.
Nani alimkopesha nani majira yale ya barafu,
nani alimnyima nani kamba,
sisi tulilelewa kusema: yeye.
Wanawe, nadhani, walilelewa kusema: wao.
Nimelisema neno hilo mara nyingi
kabla sijajua linasimama wapi kwenye karatasi.

Asubuhi hii nimevaa buti za baba, zinanipwaya.
Ukurasa nimeufunga kwenye nailoni
pamoja na chupa ya jamu ya aprikoti,
maana huendi kuuliza deni mikono mitupu,
hata kama hujui deni ni la nani.
Maji bado kahawia. Kivuko kiko ng'ambo.
Nimepiga kengele mara mbili, kisha, kwa aibu, ya tatu.

Kule, juu ya mbao zilizolala,
mzee mmoja ameinuka polepole.
Umbali huu sioni sura, sioni kimo chake.
Naona tu kwamba amesimama.