Volti Mia

Kinanda niliagiza
usiku, ndani ya kiza,
kwa simu; nikabonyeza,
pesa zikenda Japani.

Miezi mine mizima
mke wangu akisema:
"Shekuwe, umeshazama,
umeliwa, huamini?"

Ushuru ukazidia
bei niliyolipia;
pete yake kaitia
mke wangu rehanini.

Punda wa Bakari Lali
kakileta taratili,
watoto kundi kamili
nyuma, hata Mkomani.

Nikachomeka haraka:
ta! Na moshi ukafuka;
volti mia kinataka,
mia mbili ukutani.

Kitabu cha maelezo
kilikuwa na katazo,
kubwa, jekundu, la mwanzo,
lakini kwa Kijapani.

Nakipiga vivyo hivyo,
kimya. Naye ndiye huyo,
ameuzuia mwayo,
asema: "Rudi mwanzoni."